Mwacheni Masala Kulangwa Apigane

Mwaka jana kijana mmoja mchoraji wa Igoma aliniletea kurasa kumi na mbili ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amechora kwa wino mweusi kwenye karatasi za kawaida za fotokopi, na ilionekana wazi kuwa ni kazi ya mtu aliyekesha. Ukurasa wa kwanza: kijiji cha Usukuma asubuhi. Moshi hakuna, kuku hakuna, mtu hakuna. Imebaki miamba tu, ile miamba yetu iliyopandana kama vile kuna mtoto aliipanga akaitwa kula. Ukurasa wa pili: mwanamke mjamzito anatoka kwenye lundo la makapi, anatazama kushoto, anatazama kulia, na hamwiti mtu kwa sababu wa kuitika hayupo.

Waliokulia Kanda ya Ziwa wameshajua. Huyo ni mama yake Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we amemeza watu wote na mifugo yote, amebaki mwanamke mmoja aliyejificha. Atazaa mtoto wa kiume, mtoto atakua, atauliza watu wako wapi, kisha ataondoka na silaha yake kumtafuta aliyewameza.

Yule kijana alikuwa ametoka kuzionyesha kurasa hizo kwa shirika moja linalofadhili vitabu vya watoto. Jina silitaji, halina maana, maana majibu ya namna hiyo yanatolewa na wengi. Walimsifia mkono. Kisha wakamuuliza: somo liko wapi? Wakapendekeza watu wakishatoka tumboni mwa zimwi wakae kikao, wajadili usafi wa mazingira na kunawa mikono. Wakapendekeza pia shujaa asibebe kisu, kwa kuwa kisu ni ukatili. Masala Kulangwa bila kisu, jamani! Angemtoaje mtu tumboni, kwa barua ya maombi?

Kijana akanisikiliza nikicheka, halafu akaniuliza swali ambalo halikunichekesha.

"Kaka, kwani Conan ana somo gani?"

Conan alimjua kwa sababu alikuwa na toleo moja la katuni zake, halina jalada, alilolipata kwenye rundo la vitabu vya mitumba pale Mlango Mmoja. Alikuwa amelisoma mpaka pini zimetoka. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, lakini picha zilimtosha. Ndani ya lile toleo hakuna anayenawa mikono. Kuna jitu lenye misuli, kuna upanga, kuna mchawi, kuna mnara, na ukifika ukurasa wa mwisho unataka toleo linalofuata hata kama ni la mwaka 1976 na wewe unaishi Igoma.

Nikamjibu kweli: Conan hana somo. Na tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na watu wa aina mbili, ambao nataka niumalize hapa.

*

Tuanze na historia, maana wengi wetu tunawadharau hawa mashujaa bila kujua walikotoka.

Conan alizaliwa kwenye takataka. Nasema takataka kwa maana ya wakubwa wa fasihi wa wakati ule. Robert E. Howard, kijana wa mji mdogo wa Cross Plains huko Texas, alimwandika kwa ajili ya jarida la Weird Tales, mojawapo ya yale majarida yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache. Hadithi ya kwanza ilitoka Desemba 1932. Howard alijiua mwaka 1936 akiwa na miaka 30, na jarida bado lilikuwa na deni lake la malipo. Hakuna profesa aliyemlilia.

Mwaka 1970 kampuni ya Marvel ikaamua kumtia Conan kwenye katuni. Mwandishi wake, Roy Thomas, amesimulia mwenyewe jinsi walivyobana senti: haki ya kumtumia Conan ililipiwa kiasi kidogo kwa kila toleo, na kwa kuwa hata hicho kidogo kilizidi bajeti, hawakuweza kumlipa mchoraji waliyemtaka, John Buscema. Wakamchukua kijana wa Kiingereza, Barry Smith, kwa sababu alikuwa na bei nafuu. Huo ndio mwanzo wa katuni iliyoendelea hadi 1993 na kufikisha matoleo 275. Mwaka 1974 wakaanzisha na jarida la pili, Savage Sword of Conan, nalo lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe tu. Wachoraji wake wengi walikuwa Wafilipino kama Alfredo Alcala, watu waliokomaa kwenye katuni za kwao zilizokuwa zikitoka kwa mfululizo na kusomwa na watu wa kawaida kabisa.

Nayasema haya kwa sababu kuna uongo tunaojiambia, kwamba wenzetu wanaweza kwa sababu wana hela. Conan wa katuni alianza kwa kukosa hela. Walichokuwa nacho ni imani kwamba hadithi ya shujaa inajitosheleza. Howard aliandika hadithi moja fupi iliyotoka 1934 kuhusu Conan na Bêlit, malkia wa maharamia. Thomas na Buscema wakaichukua na kuitanua kwa matoleo zaidi ya 40, tangu 1976 hadi 1979. Waliosoma Howard walijua kabisa Bêlit atakufa. Wakasubiri miaka, mwezi baada ya mwezi, wakimwona akipanda meli na kushuka, wakijua. Hicho ndicho ninachokiita kutia hadithi kwenye picha. Kunakili sentensi kwenye mapovu ya maneno ni kazi ya karani.

*

Sasa, najua kundi la kwanza limeshakunja ndita. Hawa ni wale wanaosema: hizo katuni zinatutukana, zitupwe. Ndugu zangu, mnachosema ni kweli, na mimi nitawaongezea ushahidi.

Bêlit huyo huyo. Ni mwanamke mweupe, na meli yake imejaa maharamia weusi wanaomwabudu kama mungu. Wanapiga makasia, wanakufa, na wachache sana wana majina. Mmoja anaitwa M'Gora. Hebu litazameni hilo jina. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua apostrofi kwa kazi yake. Ukiitoa kwenye ng'ombe, mnyama anabadilika mdomoni. Ukiitoa kwenye Shing'weng'we, bibi yangu angekukatiza simulizi. Yetu inafanya kazi. Ya M'Gora inafanya nini? Imewekwa pale kama manyoya kichwani, ili msomaji wa Marekani ajue kwamba huyu ni mtu wa porini.

Na Tarzan je? Edgar Rice Burroughs alimtoa mwaka 1912 bila kukanyaga Afrika. Katika toleo la kwanza la jarida alimweka chui milia katika msitu wa Afrika. Wasomaji wakamsuta, na kitabu kilipotoka 1914 yule mnyama akawa simba jike. Baadaye akampa Tarzan kabila zima la mashujaa weusi watiifu, akaliita Waziri. Naam, Waziri. Msomaji wa Kiswahili anaposoma kwamba Tarzan alikuwa chifu wa Waziri anaona picha tofauti kabisa: watu wazima wenye suti wanamsubiri mzungu aliyevaa kipande cha ngozi awape maelekezo. Mwaka 1929 Tarzan akaingia kwenye katuni za magazeti kwa mkono wa Hal Foster, fundi mkubwa, na upuuzi wote ule ukachorwa vizuri.

Kwa hiyo sina ubishi kuhusu matusi. Ubishi wangu uko kwingine. Mkishalalamika, mnachora nini? Kila mwaka naona makala mpya ya kumlaani Tarzan, na kila mwaka naona mtoto wa Mwanza anayetaka shujaa wa kupigana na zimwi akiishia kwa Conan wa mitumba, kwa sababu wa kwetu hayupo kwenye karatasi. Malalamiko hayajawahi kujaza ukurasa wa katuni hata mmoja.

*

Kuna mtu aliyelalamika na kisha akafanya kazi. Anaitwa Charles R. Saunders, na inaniuma kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1946, Mmarekani mweusi, akahamia Kanada mwaka 1969. Alizipenda hadithi za upanga na uchawi za akina Howard, na alijua zinavyomwona mtu kama yeye. Akamuunda Imaro, shujaa wa kabila la wafugaji liitwalo Ilyassai, ambalo mtu yeyote wa Tanzania atatambua kwamba limechotwa kwa Wamasai. Imaro alionekana kwanza miaka ya 1970 kwenye kijarida kidogo cha Gene Day, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji wa katuni. Kitabu chenyewe, Imaro, kilitoka 1981.

Na bara anamotembea Imaro linaitwaje? Linaitwa Nyumbani. Ndiyo, kwa Kiswahili. Majambazi anaojiunga nao wanaitwa haramia. Nguvu za uovu anazopambana nazo ni Mashataan, na hakuna anayehitaji kututafsiria hilo. Yaani mtu aliyekuwa Kanada, kwenye theluji, alipotaka jina la ulimwengu ambamo mtu mweusi ni shujaa na si mpiga makasia, alikuja kwenye lugha yetu kulichukua. Na kwenye ulimwengu huo hakuna mzungu anayekuja kuokoa mtu.

Mchapishaji akaandika kwenye jalada kwamba Imaro ni Tarzan mweusi. Warithi wa Burroughs wakatishia kushtaki, kitabu kikachelewa hadi jalada libadilishwe, na mauzo yakadhurika. Oneni kejeli: mtu ameandika ili kumjibu Tarzan, halafu jina la Tarzan ndilo linalomkwamisha mlangoni.

Kuna jambo jingine la Saunders linalotuhusu sisi wa ziwa moja kwa moja. Kitabu kile cha 1981 kilikuwa na sehemu kuhusu jamii moja kuitawala na kuikandamiza nyingine. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapa sihitaji kueleza, maana miili iliteremka na Mto Kagera hadi kwenye ziwa hili hili. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 2006, Saunders aliiondoa ile sehemu akaandika nyingine. Aliona kwamba yale aliyoyabuni kwa burudani sasa yanafanana mno na maiti za watu. Hakuna mfadhili aliyemwagiza. Ilikuwa ni dhamiri yake, naomba mlikumbuke neno hilo, tutalirudia.

Saunders alifariki Mei 2020 huko Nova Scotia. Akazikwa kaburi lisilo na jina, mpaka marafiki na wasomaji walipojua na kuchanga fedha za jiwe. Hadi leo sijamwona Imaro kwa Kiswahili, wala sijamwona kwenye katuni. Mtu aliyeuita ulimwengu wake Nyumbani hajafika nyumbani.

*

Sasa kundi la pili, ambalo ndilo hasa lenye kosa. Ni watu wa somo.

Msidhani nawazungumzia wafadhili peke yao. Nazungumza na mimi na wewe, tuliosoma fasihi ya Kiswahili sekondari. Tulifundishwa kitabu kina fani na maudhui, na kwenye mtihani tukakimbilia maudhui: dhamira, ujumbe, falsafa. Tulikariri kazi za fasihi kwa mpangilio ule ule, kuelimisha, kuonya, kuadilisha, na mwisho kabisa, kama mtoto wa kambo anayepewa ukoko, kuburudisha. Kitabu ambacho hatukukiona kinaelimisha nini tulikiita fasihi pendwa, na neno pendwa likawa tusi. Hebu fikirieni lugha ambayo kupendwa ni kosa!

Na tulikuwa na katuni. Jarida la Sani lilitupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Hao hawakuwa na adabu hata kidogo. Walikuwa wavivu, walaghai, wapenda wake za watu, na tuliwajua kwa majina kama majirani. Philip Ndunguru, mmoja wa waliolipa jarida lile uhai wake, alifariki angali kijana. Gado, Mtanzania aliyejulikana zaidi akiwa Nairobi, alimchora Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka 1996 katika kitabu kilichotolewa na Sasa Sema, na Abunuwasi akabaki Abunuwasi, mjanja asiyeomba radhi. Kwa hiyo tusiambiane kwamba Mswahili hawezi kutia simulizi za kale kwenye picha. Ameshaweza.

Kilichotokea ni kwamba wachoraji wanakula. Na anayelipa ni anayetaka katuni ya UKIMWI, ya malaria, ya uchaguzi, ya choo. Sizidharau kazi hizo, ni muhimu na zimesaidia watu. Lakini kizazi kizima cha mikono mizuri kimechora vyoo, huku Shing'weng'we akibaki kwenye vichwa vya bibi zetu, na bibi zetu wanaondoka mmoja mmoja. Hata Masala Kulangwa mwenyewe, pale anapobahatika kutajwa hadharani, mara nyingi ni kwenye mahubiri, ambako amefanywa mfano wa mwokozi. Vizuri. Lakini lini atakuwa Masala Kulangwa tu?

Sisi watu wa ziwa tunajua hasara ya kusubiri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 mtu ameshika kitabu mkononi. Je, huyu kijana wa Igoma naye asubiri hadi lini?

*

Nakuja kwenye pingamizi lenye nguvu, kwa sababu lipo na sitalikwepa.

Katika simulizi kama nilivyoisikia kwa bibi, Masala Kulangwa anapopasua tumbo la zimwi na watu wanaanza kutoka, kisu chake kinamkata sikio kikongwe mmoja. Bibi kizee anatoka na hasira. Badala ya kushukuru, anaapa kumroga. Msomaji mmoja, mwanamke ninayemheshimu sana, aliziona zile kurasa akaniambia: "Mdogo wangu, mnataka kuchora bibi kizee mchawi, hapa? Mwanza na Shinyanga?"

Nikanyamaza. Ana haki. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yao ni mekundu kwa sababu wamepikia moshi maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya biashara ya waganga matapeli. Katuni ya upanga na uchawi mikononi mwa mtoto wa Texas ni mchezo. Mikononi mwa mtoto wa Kisesa inaweza kuwa kitu kingine.

Lakini turudi kwenye simulizi tuitazame vizuri. Yule bibi amekosewa. Sikio lake limekatwa. Na shujaa anafanya nini? Hamwui. Anatafuta dawa, anamtibu. Aliyeangusha zimwi anainama mbele ya kikongwe mwenye hasira, kwa sababu deni ni lake. Mchoraji mvivu atamchora yule bibi na pua ya ndoano na macho ya damu, na hapo msomaji wangu atakuwa amesema kweli. Mchoraji mwenye dhamiri atamchora kama bibi yetu, mwenye sikio linalovuja, na msomaji ataona aibu ya shujaa. Kisu ni kile kile, bibi ni yule yule, na kila kitu kimebadilika.

Hii ndiyo tofauti ninayoipigania. Dhamiri inakaa mkononi mwa mchoraji wakati anachora. Saunders alikuwa nayo alipoiondoa ile sehemu. Somo linabandikwa na mtu wa nje baada ya kazi kwisha, kama stika ya bima kwenye kioo cha daladala. Dhamiri ingemlinda yule kikongwe. Somo lingemfanya anawe mikono.

*

Na kuna sababu nyingine, ambayo sikuijua mpaka nilipoitazama tena bahasha ile ikiwa mezani kwangu.

Nilikuwa mtoto Mwanza tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka. Mamia ya watu walikufa. Wenye umri wangu tunakumbuka redio, tunakumbuka watu wazima wamesimama vikundi vikundi bila kuongea, na tunakumbuka lile jambo lililosimuliwa kwa sauti ya chini: kwamba meli ilikuwa bado inaelea chini juu, kwamba ndani kuna watu walio hai wanagonga bati, kwamba waokoaji wakatoboa ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma. Yule kijana anapita karibu na makaburi yale akienda kununua wino. Halafu mwaka 2018 ikaja MV Nyerere, kule Ukara, zaidi ya watu 220.

Bibi alinisimulia Masala Kulangwa mwaka ule ule wa 1996. Sikumbuki kama alikusudia. Nakumbuka tu kwamba alipofika pale kijana anapopasua tumbo, na wakatoka ng'ombe, wakatoka mbuzi, wakatoka watu, baba yake mtu akiwemo, nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Niambieni somo la hapo ni lipi. Usipande meli iliyojaa? Hilo tulishalijua, na waliojaza meli walilijua pia. Nilichokitaka mimi ni kuwaona wakitoka. Nilitaka ukurasa ambao tumbo limepasuliwa na watu wanapumua. Simulizi za mashujaa zina kazi hiyo, na ni kazi kubwa kuliko kuelimisha, ila hatuna jina lake kwenye ile orodha ya mtihani. Conan wa Howard, pamoja na upuuzi wake wote, alimfanyia kazi hiyo kijana fulani wa Texas aliyekuwa na huzuni nyingi. Wa kwetu tumemvua kisu.

*

Basi nawaambia kundi la kwanza: acheni kumfukuza Tarzan, mleteni Imaro. Mwenye uwezo wa kutafuta haki za tafsiri na azitafute, na mwenye mkono wa kuchora ajiandae. Kiswahili kimo ndani ya kitabu tayari, kinasubiri wenyewe.

Nawaambia kundi la pili: ondoeni mikono. Simulizi ya Masala Kulangwa imeshajipanga yenyewe kwa matoleo ya kila mwezi, kama vile bibi zetu waliwahi kufanya kazi kwenye jarida. Mtoto anaua panzi, anamletea mama yake: "Mayu, huyu ndiye Shing'weng'we?" Siye, mwanangu. Anaua ndege. "Mayu, huyu ndiye?" Siye. Anaua swala. Siye. Kila mnyama ni toleo moja, kila toleo linaishia kwenye swali lile lile, na kila mara jibu linamkuza mtoto kidogo. Roy Thomas angelipa kupata kitu kama hicho.

Na rangi hazihitajiki. Savage Sword ilikwenda mpaka 1995 kwa nyeusi na nyeupe. Kurasa kumi na sita, wino mzuri, steshenari yenye mashine nzima, na watu wa kuuza kwenye stendi ya Nyegezi, Mwaloni Kirumba, na kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe ambako abiria wana muda na hawana cha kusoma.

Kijana amekataa ule ufadhili. Sitasema ni ushujaa, maana kodi ya chumba haijui ushujaa, na mwezi huo alipaka mabango ya saluni mbili ili ale. Ila toleo la kwanza limekamilika. Panzi amekufa, mama ametikisa kichwa, na kwenye kona ya chini ya ukurasa wa mwisho, nyuma ya mwamba, kuna kitu ambacho ukitazama haraka utadhani ni mwamba mwingine.

Mimi nimeshalipia nakala ishirini. Kumi nitagawa, kumi nitauza, na atakayeniuliza somo lake ni nini nitamrudishia hela yake.